Maswali ya wasomaji: "Strew" na wenzake, na vitenzi vyetu vya kutawanya

Barua tulizopokea zimeangukia karibu jambo moja: maneno ya Kiingereza ya kutawanya, na namna ya kuyaleta kwa Kiswahili bila kuyaharibu. Tumezijibu pamoja, kwa sababu jibu la barua moja linaisaidia nyingine.

Wahariri, salaam. Nafundisha Kiingereza kidato cha tatu. Kwenye kifungu cha ufahamu kuna sentensi "The floor was strewn with broken glass." Nikawaambia wanafunzi kwamba "strew" ni kutawanya. Wiki iliyofuata mmoja akaandika kwenye insha: "The students strewed after the bell." Najua ni kosa, lakini nilishindwa kumweleza kosa liko wapi. — Mwalimu, Morogoro

Mwalimu, ulichowaambia ni kweli, ila kimeishia nusu ya njia. "Strew" ni kutawanya vitu juu ya mahali fulani hadi mahali penyewe paonekane pametapakaa vitu hivyo. Jicho la neno hili liko sakafuni, barabarani, kitandani, yaani pale vitu vilipoangukia. Aliyevirusha si muhimu sana, na ndiyo maana neno hili hukutwa zaidi katika hali ya kutendwa: "was strewn with", "were strewn across".

Tuanze na matamshi, kwa sababu wengi hupotea hapo. Hutamkwa "stru", kwa u ndefu kama ya "blue". Wakati uliopita ni "strewed". Umbo la kutendwa ni "strewn", nalo hutamkwa "struun", silabi moja tu. "Strewed" hukubalika pia katika kutendwa, lakini "strewn" ndilo linalotumika zaidi, na ndilo la kuwafundisha. Angalia sana "strewned". Mwanafunzi huliona "strewn" kana kwamba ni kitenzi kizima, akaliongezea "-ed". Hakuna neno kama hilo.

Kosa la mwanafunzi wako liko kwenye sarufi. "Strew" ni kitenzi elekezi, hakisimami bila yambwa. Lazima pawe na kitu kinachotawanywa. Sisi tuna "tawanya" na tuna "tawanyika", na kiambishi "-ik-" ndicho kinachotuwezesha kusema wanafunzi walitawanyika wenyewe. Kiingereza hakina kiambishi hicho. Baadhi ya vitenzi vyake, kama "scatter", hufanya kazi zote mbili: "The wind scattered the papers" na "The papers scattered". "Strew" hufanya moja tu, ile ya "tawanya". Mwambie mwanafunzi hivi: "strew" haina "-ika" yake. Kwa sentensi yake atumie "The students scattered", kama walitimua mbio, au "dispersed", kama waliondoka taratibu.

Zipo tahadhari nyingine za maana. Yambwa ya "strew" huwa vitu vingi, au kitu kinachohesabiwa kwa jumla kama mchanga, majani makavu na kifusi. Huwezi "to strew" sahani moja. Vimiminika havifai, maji na mafuta humwagika, nayo ni "spill". Watu walio hai hawafai pia. Ukisikia watu "were strewn" ujue habari ni ya maiti, na hapo ndipo sentensi ya mwanafunzi wako inapomshtua msomaji wa Kiingereza. Habari na uvumi navyo havifai, hivyo ni vya "spread".

Sasa tufike kwenye kitu ambacho vitabu vingi vya shule hukipita haraka. "Strew" hukubali miundo miwili. "They strewed petals on the path": yambwa ni maua. "They strewed the path with petals": yambwa ni njia. Miundo hii haina uzito mmoja. Katika wa kwanza maua yanaweza kuwa machache, yameangukia upande mmoja. Katika wa pili njia yote imeguswa. Kiswahili tunalo jambo hili hili, na tunalifanya kwa urahisi zaidi, kwa kitenzi "tapakaa". Tunasema "damu imetapakaa nguoni", tunasema pia "nguo imetapakaa damu". Kila mzawa wa lugha husikia kwamba hiyo ya pili ni nguo iliyoharibika kabisa. Kwa hiyo sentensi ya kifungu chako tungeiandika hivi: "Sakafu ilikuwa imetapakaa vipande vya kioo." Ukiandika "vipande vya kioo vilitawanywa sakafuni", msomaji ataanza kuuliza ni nani aliyekaa akavitawanya.

Hata hivyo "tapakaa" si ufunguo wa kila mlango. "Strew" yenyewe haisemi kama jambo ni zuri au baya. Maua ya arusi "are strewn", kifusi cha nyumba iliyobomoka nacho "is strewn". Msomaji wa Kiingereza hupata hisia kutoka kwenye nomino. Kiswahili hutaka kitenzi chenyewe kishike upande. "Zagaa" ni la vitu visivyotakiwa kuwapo: takataka zimezagaa mtaani, silaha zimezagaa mpakani. Ukiandika kwamba maua yalizagaa njiani mwa bibi arusi, umewatukana waliotandaza. Kwa heshima tunatumia "tandaza", au "mwagia": walimmwagia maua. Kwa fujo ya nyumbani tunacho kitu ambacho Kiingereza hakina kabisa, kurudufu kitenzi: "Clothes were strewn across the bed" ni "Nguo zilikuwa zimetupwatupwa ovyo kitandani." Kwa mandhari, "a rock-strewn hillside", wacha kitenzi kabisa: "mteremko uliojaa mawe" inatosha. Na kwa ajali ya ndege, ambako mabaki yako mbalimbali, "yametawanyika" ndilo, kwa sababu hapo jambo kubwa ni umbali kati ya kipande na kipande.

Kwa darasani tunapendekeza zoezi moja. Waandikie ubaoni nomino kama karatasi, maziwa, kondoo, mchanga, uvumi, nguo, mawingu, mchele, waandamanaji, mafuta ya taa. Kando yake weka "strew", "scatter", "spill", "spread". Kila mwanafunzi aoanishe, kisha aseme kwa Kiswahili angetumia kitenzi gani. Mabishano yatakuwa kwenye mchele. Mchele hukubali "strew", "scatter" na "spill", na kila moja inasimulia tukio lake: umetandazwa sehemu nzima, umerushwa ukaenda huku na huku, au gunia limepasuka.

Nasoma Biblia ya Kiingereza cha zamani, ile ya King James. Mathayo 25:24 imeandikwa "gathering where thou hast not strawed." Kamusi yangu inasema "straw" ni majani makavu, na ni nomino. Ni kosa la uchapaji? — Mwinjilisti, Kisumu

Si kosa, Mwinjilisti. Tafsiri hiyo ilitoka mwaka 1611, na wakati ule "straw" ilikuwa kitenzi pia, namna nyingine ya kuandika na kutamka "strew". "Strawed" hapo ni "strewed" ya leo. Maneno haya mawili ni ya ukoo mmoja: "straw" ni kile kinachotandazwa. Uingereza ya kale watu walitandaza majani makavu na matete kwenye sakafu za nyumba, na jina la majani likabaki limeshikamana na kitendo. Kijerumani nacho kinasema "streuen" hadi leo.

Linalotuvutia zaidi ni hili. Biblia hiyo hiyo inatumia "strawed" tena Mathayo 21:8, pale watu walipokata matawi ya miti na kuyaweka njiani Yesu akiingia Yerusalemu. Kiingereza kimetumia kitenzi kimoja mahali pote pawili. Kigiriki cha asili kina viwili: kule kwenye matawi ni kitenzi cha kutandika, na huku kwenye mfano wa talanta ni kitenzi cha kutawanya. Biblia ya Kiswahili, tafsiri ya Union Version, imefuata tofauti hiyo. Matawi yalitandazwa njiani, na yule bwana mgumu anaambiwa anakusanya asipotawanya. Ukihubiri kwa kutoka Kiingereza kwenda Kiswahili, usiseme watu walitawanya matawi. Matawi yaliyotawanywa ni takataka barabarani, yaliyotandazwa ni zulia la mfalme. Na wewe mwenyewe usiandike "strawed" katika Kiingereza chako cha leo, itaonekana ni kosa la tahajia.

Naandika habari kwa Kiswahili nikitafsiri kutoka mashirika ya habari ya nje. "Scatter", "disperse" na "spread" zote nimekuwa nikiziandika "tawanya" au "sambaza", kulingana na nafasi iliyobaki. Mhariri wangu amelalamika. — Mwandishi, Nairobi

Mhariri wako ana haki. Anza na kipimo kimoja ambacho hakitakuangusha mara nyingi. Uliza: baada ya tendo, pale pa mwanzo pamebaki na kitu au pamebaki patupu? Kilichotawanyika hupungua pale kilipokuwa. Kilichosambaa au kuenea hubaki pale pale na kufika kwingine pia. Moto unasambaa, ugonjwa unaenea, uvumi unasambaa, kwa kuwa mahali pa kwanza bado panaungua, bado pana wagonjwa, bado panasemwa. Watu, mawingu na ukungu hutawanyika. Hizo za kundi la kwanza ndizo "spread", na za kundi la pili ni "disperse" au "scatter".

Kati ya "disperse" na "scatter" tofauti ni kasi na utaratibu. "The crowd dispersed" ni watu wameondoka, wengine wakizungumza njiani, mkutano umeisha. "The crowd scattered" ni watu wametimka pande zote kwa hofu. Polisi hutoa amri ya "to disperse" kabla hawajafanya lolote. Mabomu ya machozi yakirushwa, au vitoa machozi kama mnavyosema Kenya, watu "scatter". Taarifa moja inaweza kuwa na maneno yote mawili, na ukiweka "tawanyika" kote msomaji hataona kilichobadilika. Andika: "Polisi waliwaamuru watu watawanyike. Waliporusha mabomu ya machozi, watu wakatimka, kila mmoja na njia yake." Kiswahili cha mitaani kina maneno mengi ya mbio, yatumie bila woga.

Neno jingine linalochoshwa na magazeti ni "sambaratisha". Hili lina nguvu ya kuvunja chenyewe kilichokuwa kimeungana: ndoa imesambaratika, timu imesambaratika, mtandao wa wezi umesambaratishwa. Kama waandamanaji walirudi saa moja baadaye, maandamano yalitawanywa tu, hayakusambaratishwa.

Hapo hapo tuonye kuhusu kosa linaloonekana katika ripoti za miradi zinazoandikwa kwa Kiingereza na sisi wasemaji wa Kiswahili: "Funds were dispersed to the groups." Fedha zilizogawiwa kwa utaratibu ni "disbursed". "Dispersed" inaleta picha ya noti zikipeperushwa na upepo, na mfadhili akisoma hivyo atakunja uso. La tatu linalofanana nayo ni "dispense", kutoa dawa dirishani au kutoa haki mahakamani. Yaandike matatu haya kwenye karatasi, uyabandike mbele ya meza yako. Tofauti yake ni herufi chache, na kirekebishi cha tahajia cha kompyuta hakitakusaidia kwa kuwa yote ni maneno sahihi.

Nomino nazo zina mgawanyo. "Dispersal" ni kile kitendo: kutawanywa kwa watu, au mbegu kusafirishwa mbali na mti mama. Sufi huchukuliwa na upepo, nazi huelea majini, kishona nguo hung'ang'ania manyoya ya mnyama na suruali ya mpita njia, na yote matatu ni "seed dispersal". "Dispersion" ni hali au kipimo, neno la takwimu na fizikia.

Mimi ni bwana shamba. Nimekabidhiwa kijitabu kilichotafsiriwa kutoka Kiingereza. Ukurasa mmoja unasema "tangaza urea shambani". Kwenye sehemu ya kuku unasema "tandaza takataka safi, sentimita 10". Wakulima wamenicheka. Tafadhali nisaidieni kusahihisha kabla hakijachapishwa upya. — Bwana shamba, Mbarali

Kosa la kwanza limetoka kwenye neno "broadcast". Leo kila mtu analijua kwa redio na televisheni, kwa hiyo mfasiri ameandika "tangaza". Lakini neno hili lilikuwa shambani kabla halijafika studio. Ni "broad", pana, na "cast", kurusha: kurusha mbegu kwa mkono zienee shamba zima, tofauti na kupanda kwa mistari. Lilitumika hivyo tangu karne ya 18, na redio iliazima picha hiyo ya mkono wa mpanzi katika miaka ya 1920. Wakati wake uliopita unabaki "broadcast", bila "-ed", ingawa wapo wanaoandika "broadcasted".

Kwa hiyo "broadcast urea" ni "mwaga urea shambani kote" au "rusha urea". Tungependelea "mwaga", kwa kuwa ndilo mkulima wa mpunga hulisema mwenyewe. Mwongezee na maelezo ambayo "broadcast" pekee haiyabebi. Urea ikimwagwa juu ya udongo mkavu wenye joto na kuachwa hapo, naitrojeni hupotea hewani kama amonia, na mkulima huona mbolea imeyeyuka akadhani imeingia ardhini. Ifukiwe, au imwagiliwe mara moja. Na kijitabu kikisema "top-dress", hiyo ni mbolea ya kukuzia; usimwache mfasiri akaiita mbolea ya juu.

Kama ukurasa unaofuata unaeleza "broadcasting" ya mbegu za mpunga, hakikisha hatua hazijachanganywa. Mbegu hulowekwa saa 24, huchujwa, kisha hufunikwa saa nyingine 24 zianze kuchipua, ndipo hurushwa kwenye majaruba yaliyovurugwa na kusawazishwa. Mkulima agawe mbegu zake sehemu mbili sawa kabla ya kuingia shambani. Nusu ya kwanza airushe akitembea kwa urefu wa jaruba, nusu ya pili akikata kwa upana. Akirusha zote kwa mkupuo mmoja, mkono uliojaa humwaga nyingi kwenye kona ya kuanzia, na mwisho wa jaruba hubaki na vipara. Mbegu ndogo kama za mchicha zichanganywe na mchanga mkavu ili vidole visishike nyingi mno. Upepo ukivuma, asubiri utulie.

Mbegu zinazomwagwa kitaluni ili miche ihamishwe baadaye tunasema zinasiwa. Kitenzi "sia" ni kizuri na kifupi, na ni huzuni kwamba vijitabu vingi vimekisahau vikaandika "kupanda kwenye kitalu". Irudishe kwenye chapa yako, wakulima wataielewa.

Kosa la pili ni "litter". Neno hili lilianzia kitandani, kwa Kifaransa, likawa matandiko ya mifugo, majani yanayolaliwa. Kwa kuwa majani hayo yaliyotumika hutupwa ovyo, likaja kuwa takataka za barabarani. Katika ufugaji limebaki na maana ya zamani. Sentensi yako iwe: "Tandaza maranda makavu au pumba za mpunga, unene wa sentimita 10." Na hapa "tandaza" ndilo hasa, usikubali mtu akuletee "tawanya". Ukimwambia mkulima atawanye maranda, ataacha sehemu tupu, sakafu italowa hapo, na unyevu huo ndio unaoleta harufu ya amonia na magonjwa ya vifaranga. "Tandaza" inamwambia afunike sakafu yote kwa unene ulio sawa.

Katika mapishi ya Kiingereza nakutana na "sprinkle", "scatter", "dust" na "drizzle". Kwa Kiswahili zote ni kunyunyiza? — Mama wa jikoni, Toronto

Karibu, dada, lakini si zote. "Sprinkle" ni nyunyiza, iwe chumvi, sukari au maji. Shika juu ya chombo kiasi cha sentimita 20 hadi 30 ili chumvi ienee. Ukiwa karibu sana huangukia mahali pamoja. "Scatter" ni kwa vitu vyenye umbo, kama kotmiri iliyokatwa, korosho au zabibu kavu: tawanya juu, bila kukoroga. "Dust" ni unga mwepesi kama sukari ya unga, na hupitishwa kwenye chujio. Sema "chekechea sukari juu ya keki". "Drizzle" si kunyunyiza kabisa. Ni kumwaga kimiminika kwa mchirizi mwembamba, mkono ukizunguka. "Mwagia asali kwa mchirizi" inaeleweka mara moja. Ufuta juu ya mkate wa ufuta ni "sprinkle", ingawa jikoni wengi tunasema kwa kifupi "tia ufuta".

Naandikia jarida la klabu ya sayansi ya shule yetu, kwa Kiswahili. Vitabu vinatofautisha "scattering" na "dispersion" ya mwanga. Mimi nimeandika "mtawanyiko" kote kuwili, na sasa makala yangu haieleweki. — Mwanafunzi wa kidato cha sita, Tanga

Umegusa mahali ambapo Kiswahili cha sayansi bado hakijatulia, na ni vizuri ukaamua mwenyewe kisha ukashikilia uamuzi wako tangu mwanzo hadi mwisho. "Dispersion" ni mwanga mweupe kupita kwenye prizimu na kuachana rangi kwa rangi, kwa kuwa kila rangi hupinda kwa kiasi chake. Kila mwale bado una mwelekeo unaojulikana. "Scattering" ni mwanga kugonga chembe na kurushwa pande zote.

Ushauri wetu ni "mtengano wa rangi" kwa "dispersion", na "mtawanyiko" ubaki wa "scattering". Ukishafanya hivyo unaweza kueleza anga ya buluu bila kumchanganya mtu. Molekuli za hewa hutawanya mwanga kwa nguvu inayopungua kadiri urefu wa wimbi unavyoongezeka, tena kwa kipeo cha nne. Chukua buluu yenye nanometa 450 na nyekundu yenye nanometa 700. Gawanya 700 kwa 450, upandishe kwenye kipeo cha nne, utapata karibu 6. Buluu hutawanywa mara sita kuliko nyekundu, ndiyo inayotufikia kutoka kila upande wa anga. Jioni jua likiwa chini, mwanga wake hupita kwenye hewa nyingi zaidi, buluu huwa imekwisha kutawanywa njiani, na machweo yanabaki mekundu.

Kwenye takwimu "dispersion" ni kitu kingine tena: kipimo cha jinsi namba zilivyo mbali na wastani wake. Hapo "mtawanyiko" linafaa. Ila kama makala moja inagusa fizikia na takwimu pamoja, andika "mtawanyiko wa data" kwa ukamilifu kila mara.

Tuliohama tunaitwa "diaspora", wengine wanasema "ughaibuni". Ni kitu kimoja? — Msomaji, Muscat

Yanaelekea watu wale wale, ila yanawatazama kutoka pande mbili. "Diaspora" ni Kigiriki, limetokana na kitenzi cha kupanda mbegu kwa kuzitawanya huku na huku, na lilianza kusemwa juu ya Wayahudi waliotawanywa nje ya nchi yao. Kwa maana hiyo ya kwanza Kiingereza hupenda kuliandika kwa herufi kubwa. Kwa watu wengine herufi ndogo inatosha. "Ughaibuni" lina mzizi wa Kiarabu unaoujua vizuri hapo ulipo, ule wa ghaibu, kutokuwapo, kutoonekana. Mgiriki amewaita kwa jina la mkono uliowarusha. Sisi tumewaita kwa jina la nafasi waliyoiacha wazi nyumbani.

Katika matumizi, "ughaibuni" ni mahali: yuko ughaibuni, amerudi kutoka ughaibuni. "Diaspora" kwa Kiswahili cha sasa ni watu: mkutano wa diaspora, michango ya diaspora. Usiseme "anaishi diaspora", ingawa husikika. Na mtu mmoja si "diaspora mmoja". Mwite mwanadiaspora, au kwa uzuri zaidi, ndugu yetu aliye ughaibuni.

Katika tamthilia ya Shakespeare ya mfanyabiashara wa Venice, Shylock, mkopeshaji fedha, anasema mfanyabiashara Antonio ana mali "squandered abroad". Kamusi inasema "squander" ni kufuja. Lakini hapo Antonio hajafuja kitu, merikebu zake ziko safarini tu. — Mwanachuo, Dar es Salaam

Umesoma kwa makini. Enzi za Shakespeare "squander" ilikuwa na maana ya kutawanya, na Shylock anazungumzia bidhaa zilizotawanyika baharini, huku merikebu moja na kule nyingine. Maana ya kufuja ilikuwapo pia, ndiyo iliyoshinda baadaye, na huenda Shylock anazichezea zote mbili, kwa kuwa machoni pake kuipeleka mali yote majini ni kutojali.

Hapa Kiswahili kinakupa zawadi, kwa kuwa "tapanya" limepita njia hiyo hiyo. Kuku hutapanya punje uani, na mrithi asiye na akili hutapanya mali. Ukiandika "mali yake ameitapanya baharini", maana zote mbili zinasikika, kama zinavyosikika kwa Kiingereza. Ukiandika "ameifuja" umemnyima Antonio haki yake, na ukiandika "imetawanyika" umemnyima Shylock sumu yake. Kuna tafsiri ya Kiswahili ya tamthilia hiyo, ya Julius Nyerere, "Mabepari wa Venisi", iliyotoka mwaka 1969. Fungua onyesho la tatu la tendo la kwanza, uone mfasiri alivyoamua, kabla hujaamua la kwako.